Tua mzigo: kuondoa kwenye programu yako maktaba isiyo na mtunzaji

Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora, ukishaiacha Itigi unaingia kwenye mfululizo wa vituo vidogo vilivyozungukwa na pori. Kimoja kinaitwa Tura, kipo wilaya ya Uyui. Kabla ya reli, hapa ndipo misafara iliyotoka pwani ilikuwa inachomoza kutoka Mgunda Mkali, lile pori la kati ya Ugogo na Unyamwezi ambalo wapagazi walilivuka kwa siku kadhaa wakiwa na chakula walichobeba toka nyuma. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliandika kwamba jina Tura maana yake ni "weka chini", yaani mzigo. Ukisikia "tua" yetu ndani ya neno hilo, hujakosea.

Ndani ya Mgunda Mkali msafara uliishi kwa maji ambayo haukuyachimba wenyewe. Kiongozi alijua tu kwamba mbele kuna dimbwi, au kuna kijiji chenye kisima, na akapanga siku zake kwa kutegemea hilo. Kama wenyeji wamehama na kisima kimefukiwa, habari hiyo unaipata ukiwa tayari umefika, na kiu unayo.

Programu unayoiandika leo kwenye laptop yako inaishi hivyo hivyo.

Nieleze kidogo kwa ambao hawaandiki programu. Hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Unataka kusoma tarehe, kuna mtu aliyeshaandika msimbo wa kusoma tarehe akauweka mtandaoni bure. Unataka kuvuta data kutoka seva nyingine, upo pia. Fungu la msimbo kama huo tunaliita maktaba, na maktaba ambayo programu yako haiwezi kufanya kazi bila hiyo ni tegemezi yako. Nayo ina tegemezi zake, na hizo zina zake. Unaweza kuomba maktaba tano ukashuka na mia nne. (Bando lako litakuambia.)

Nyuma ya nyingi ya hizo kuna mtu mmoja au wawili wanaofanya kazi hiyo usiku, bila malipo. Wanapata ajira mpya, wanapata watoto, wanachoka. Siku wakiacha, hakuna king'ora kinacholia. Programu yako inaendelea kufanya kazi kama jana, na ndiyo maana watu wengi hawashtuki.

Hasara inakuja baadaye, kwa njia mbili au tatu. Ya kwanza ni tundu la usalama lisilo na wa kuliziba. Maktaba ya JavaScript iitwayo request, iliyokuwa ikitumiwa na karibu kila mtu kuvuta data kutoka mtandaoni, ilitangazwa rasmi kustaafu Februari 2020. Mwaka 2023 likagunduliwa tundu ndani yake. Marekebisho hayakutoka kwenye maktaba yenyewe. Wale wa Cypress, ambao walikuwa bado wanaitegemea, ilibidi watengeneze nakala yao na kuliziba humo. Ya pili ni kwamba lugha yenyewe inasonga mbele na kuiacha. Waliokuwa wakijaribu msimbo wao wa Python kwa kutumia nose walihamia Python 3.10 wakakuta nose haiwaki, kwa sababu jina moja ililolitegemea lilikuwa limeondolewa.

Ya tatu inatisha zaidi: kisima kilichoachwa kinaweza kupata mmiliki mpya. Mwaka 2018 mwandishi wa event-stream, aliyekuwa ameshachoka nayo, alimkabidhi funguo mtu asiyemfahamu aliyejitolea kusaidia. Huyo msaidizi akaingiza tegemezi mpya yenye msimbo wa siri uliolenga kuiba fedha kwenye pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Watumiaji hawakubadilisha chochote, waliongeza toleo tu kama walivyofundishwa.

Ushahidi na Kohana

Mfano mzuri wa kazi hii hatuhitaji kuutafuta mbali, upo hapo Nairobi. Ushahidi ilizaliwa mwanzoni mwa 2008, kwenye ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ili watu waweze kutuma taarifa za wanachokiona na zionekane kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Siyo programu ya mchezo. Ikizima siku mbaya, kuna ujumbe wa mtu ambao haufiki.

Ushahidi iliandikwa kwa PHP juu ya kiunzi kiitwacho Kohana. Kiunzi ni zaidi ya maktaba ya kawaida: maktaba unaiita wewe, lakini kiunzi ndicho kinachokuita. Kinapokea ombi la mtumiaji, kinaamua msimbo wako upi uendeshwe, kinazungumza na hifadhidata, kinatoa jibu. Toleo la 2 la Ushahidi lilikaa juu ya Kohana ya 2, toleo la 3 juu ya Kohana ya 3. Halafu Kohana ikapoa. Toleo lake la mwisho, 3.3.6, lilitoka mwaka 2016, kisha mradi ukafungwa.

Kung'oa kiunzi kwa kawaida ni kama kubadilisha msingi wa nyumba huku watu wanalala ndani. Kilichowasaidia Ushahidi ni jambo walilokuwa wamelifanya mapema, walipokuwa wakiandika toleo la 3. Sheria za kazi yenyewe (taarifa ni nini, nani anaruhusiwa kuichapisha, inahifadhiwaje) waliziweka kwenye sehemu yake, folda ya src/Core, isiyoijua Kohana kabisa. Mambo ya Kohana yalikaa kwenye folda nyingine, kama mlinzi getini. Kwa hiyo walipohamia Lumen, ndugu mdogo wa kiunzi cha Laravel, katika toleo la 4, waliandika upya geti zaidi kuliko nyumba.

Na hawakutoa kila kitu kwa mkupuo. Sehemu ya kuzungumza na hifadhidata iliendelea kuwa ile yenye damu ya Kohana, iliyokwisha kukatwa na kufanywa maktaba ndogo inayojitegemea, ikaitwa Ohanzee. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa kiutu uzima. Ukijaribu kubadili geti na matangi ya maji siku moja, likitokea tatizo hutajua limetoka wapi.

Mwisho wa hadithi haujafika, na hili wanafunzi wengi hawalipendi. Lumen nayo, waundaji wake sasa wanashauri usianzishe mradi mpya juu yake, nenda Laravel moja kwa moja. Upande wa kile anachokiona mtumiaji, Ushahidi walitumia AngularJS, ambayo Google iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2021. Wakaandika upya upande huo pia, na mradi mpya wakauita mzima.

Kwanza, je, imekufa kweli?

Maktaba isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kuwa imekamilika tu. Msimbo wa kugeuza selsiasi kuwa farenhaiti hauhitaji toleo jipya kila mwezi. Usiangalie tarehe peke yake. Angalia kama watu wanaripoti hitilafu halisi na hakuna anayejibu. Angalia kama inawaka kwenye toleo jipya la lugha yako. Angalia kama mwandishi ameweka tangazo juu kabisa ya ukurasa wake. Kisha jiulize: likipatikana tundu la usalama kesho, kuna mtu wa kuliziba?

Swali hilo la mwisho linatenganisha vizuri. Moment, maktaba maarufu ya tarehe katika JavaScript, ilitangaza Septemba 2020 kwamba haitaongezewa vitu vipya, na watunzaji wake wakashauri miradi mipya itumie nyingine. Lakini mwaka 2022 yalipopatikana matundu mawili ndani yake, waliyaziba. Huyo ni mstaafu anayekaa barazani, bado ukimwita anaitika. Ya request ningekuambia iondoe wiki hii. Ya Moment una muda wa kufanya taratibu, na ndiyo maana nitaitumia kwa zoezi letu.

Visima vya Tura

Tuseme (ni mfano wa kubuni) mna programu ndogo ya utafiti ya kurekodi kina cha maji kwenye visima vya vijiji vya kata ya Tura. Mhudumu wa kisima anatuma ujumbe kwa simu: namba ya kisima, kina, tarehe. Programu inahifadhi, inapanga tarehe ya kipimo kinachofuata baada ya siku 7, na mwisho wa mwezi inatoa ripoti kwa Kiswahili. Kila mahali palipo na tarehe, mmetumia Moment. Mnataka kuhamia Day.js, ambayo inafanana nayo kwa majina ya amri na ni nyepesi mno: inajitangaza kuwa na kilobaiti 2, wakati Moment na lugha zake zote ni mamia ya kilobaiti. Kwa mtu anayefungua ripoti kwenye simu akiwa na baa moja ya mtandao, tofauti hiyo anaiona.

Hatua ya kwanza ni kujua iko wapi. Amri ya

npm ls moment

itakuonyesha nani anaitumia: wewe mwenyewe, au maktaba nyingine uliyoiita. Kisha tafuta neno moment kwenye faili zako zote uhesabu. Ukikuta sehemu 3, kazi ni ya mchana mmoja. Ukikuta 60, usianze kubadili bado.

Kwa sababu kabla ya kubadili inabidi uandike majaribio yanayoshikilia tabia ya sasa. Sizungumzii tabia unayoitaka. Nazungumzia ile iliyopo, pamoja na vioja vyake. Chukua ujumbe halisi mia mbili kutoka kwenye data yenu, upitishe kwenye programu ya sasa, hifadhi majibu. Hayo ndiyo mizani yako. Bila mizani, utakachokuwa unafanya ni kubadili na kuomba dua.

Hatua inayofuata ndiyo ile ya Ushahidi kwa udogo. Tengeneza faili moja, iite tarehe.js, na ndani yake weka vitendo vichache vyenye majina ya kazi yenu: somaTarehe, kipimoKinachofuata, andikaKwaKiswahili. Kwa sasa ndani yake bado ni Moment. Kisha pita kwenye zile sehemu 60, moja baada ya moja, uzielekeze kwenye faili hiyo. Endesha majaribio kila baada ya chache. Ukimaliza, programu inafanya kile kile ilichofanya jana, lakini neno moment limebaki mahali pamoja tu. Watu huruka hatua hii kwa sababu haionekani kama maendeleo. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yenyewe. Inayobaki ni kubadili faili moja.

Na faili hiyo moja ina mitego, kwa sababu "inafanana" siyo "ni sawa". Nitakaa hapa kidogo.

Mtego wa kwanza: katika Moment, ukiandika

tarehe.add(7, 'day')

tarehe yenyewe inabadilika, inasogea siku 7 mbele. Katika Day.js mstari huo huo unatengeneza tarehe mpya na kukurudishia, ile ya mwanzo inabaki ilivyo. Kama hukuipokea kwa kuandika tarehe = tarehe.add(7, 'day'), mstari unapita kimya na hakuna kilichotokea. Hakuna kosa litakaloonyeshwa. Kipimo kinachofuata kitapangwa leo, na kesho, na keshokutwa, leo hiyo hiyo. Mhudumu wa kisima atapata ujumbe wa kukumbushwa kila siku mpaka aizime namba yenu.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa mtafiti. Sisi tunaandika siku kwanza: 07/11/2024 ni tarehe 7 Novemba. Katika Moment mlimwambia muundo, 'DD/MM/YYYY', akasoma vizuri. Day.js inakubali uandike muundo huo huo, lakini haiuzingatii mpaka uwe umeongeza kipande chake cha ziada kiitwacho customParseFormat. Usipokiongeza, inaupuuza muundo bila kusema kitu, na inasoma Kimarekani, mwezi kwanza. Kipimo chako cha 7 Novemba kinakuwa cha 11 Julai.

Fikiria maana yake Tabora. Novemba mvua zinaanza. Julai ni kiangazi katikati. Umechukua kina cha maji cha mwanzo wa mvua ukakipachika kwenye ukame. Na tarehe kama 25/11 zitakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo utaziona na kuzirekebisha ukidhani umemaliza. Zile za siku ya 1 hadi ya 12 ya kila mwezi zitapita zikiwa zimegeuzwa. Grafu itatoka nzuri tu. Uamuzi wa kijiji gani kichimbiwe kisima kipya utafanywa juu ya grafu hiyo. Ndiyo maana zile jumbe mia mbili lazima ziwe na tarehe za siku ndogo kama 3/8 na 7/11, siyo 25 na 30 peke yake.

Mtego wa tatu ni wa lugha. Moment inajua Kiswahili, na Day.js pia, kuna watu waliojitolea kuandika Januari mpaka Desemba na Jumapili mpaka Jumamosi humo. Lakini ukiendesha Moment kwenye Node unamtajia 'sw' anaitafuta mwenyewe. Day.js mpaka uilete kwa mkono, faili ya dayjs/locale/sw. Ukisahau, ripoti ya mwenyekiti wa kijiji itatoka kwa Kiingereza, tena bila onyo.

Kuhusu saa, hapo maktaba zote mbili hazikusaidii. Mhudumu akiandika "saa 1 asubuhi" anamaanisha 07:00, na tofauti hiyo ya saa sita ni msimbo wenu wenyewe. Uweke ndani ya tarehe.js na uuandikie majaribio yake. Bahati nzuri Tanzania haisogezi saa majira yakibadilika, tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia mwaka mzima, kwa hiyo nusu ya maumivu wanayoyapata wenzetu wa Ulaya kwenye kazi hii hayatuhusu.

Je, lazima uweke nyingine? Hapana. Wakati mwingine lugha yenyewe imeshakua. Waliokuwa na request leo wengi wanahitaji fetch tu, ambayo tangu Node 18 ya mwaka 2022 imo ndani bila kupakua chochote. Hata majina ya miezi kwa Kiswahili, kivinjari kinayajua chenyewe kupitia Intl. Wakati mwingine unachotumia ni mistari kumi, basi nakili mistari hiyo kumi, pamoja na leseni yake na jina la mwandishi. Machi 2016 maktaba iitwayo left-pad, mistari 11 ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno, ilipoondolewa na mwandishi wake, miradi mingi mikubwa duniani ilishindwa kujengwa kwa saa kadhaa. Mistari 11! Na kama maktaba ni kubwa, ni muhimu, na hakuna mbadala, njia iliyobaki ni wewe na wengine wanaoitegemea kuichukua na kuitunza. Ni kazi ya miaka, usiiahidi kwa hasira ya siku moja.

Ushauri wangu mwingine ni mdogo lakini naushikilia: kazi hii iende peke yake. Usiongeze kitufe kipya, usipange upya mafaili, usibadili rangi za ripoti kwenye mabadiliko hayo hayo. Na usiifanye wiki ya kukabidhi tasnifu.

Ukishabadili ndani ya tarehe.js na majaribio yote yakapita, usifute Moment siku hiyo. Pitisha data yote ya zamani kwenye njia zote mbili, linganisha majibu mstari kwa mstari. Tofauti yoyote, hata moja, itafute chanzo chake. Mara nyingine utakuta kipya ndicho sahihi na cha zamani kilikuwa kinakosea miaka yote; hapo andika kwenye kumbukumbu za mradi, kwa sababu ripoti zilizokwisha kutoka zina kosa hilo na kuna mtu anazitumia.

Baada ya hapo iondoe kwa npm uninstall moment, ili itoke kwenye package.json na pia kwenye package-lock.json. Rudia npm ls moment. Ikikujibu kwamba haipo, umetua. Ikionekana bado, imening'inia chini ya maktaba nyingine, pengine ile ya kuchora grafu, basi angalia kama maktaba hiyo ina toleo jipya lisiloihitaji. Kama halipo, fungua ukurasa wake, uone kama kuna aliyekwisha kuomba, na kama hakuna, andika wewe. Eleza unatumia toleo gani, kwa kazi gani, na kama unaweza kusaidia, sema sehemu gani. Watunzaji hupokea malalamiko mengi na barua chache za namna hiyo.